Harufu Ilivyohamia Ng'ambo

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazamana na mfereji, na kiwanda cha samaki kilimwaga uchafu wake kwenye mfereji huohuo. Maji yalipita pale yakiwa na rangi ya damu iliyozeeka, yamebeba magamba na matumbo, yakielekea baharini bila haraka yoyote. Wateja walikaa kusukwa wameziba pua. Wengine walishindwa, wakaondoka nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Yeye alilalamika kila mahali, kwenye misiba, kwenye harusi, mpaka mtaani tukambandika jina la Mama Harufu. Hakukasirika. Alisema, "Afadhali mimi nimeitwa hivyo. Nyie mnanuka na hamjui."

Kwa mdomo huo tukamchagua kuwa diwani.

Kwenye baraza alipangwa kamati ya mazingira, ambayo wenzake waliikimbia kwa sababu haikuwa na ulaji. Mwenyekiti wake alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mtu wa vicheko vingi, asiyependa ugomvi na yeyote mwenye geti. Ziara yao ya kwanza ilikuwa kiwandani pale. Meneja alishapewa taarifa mapema, kwa hiyo walikuta sakafu zinang'aa, wafanyakazi wamevaa buti mpya, na mfereji siku hiyo unapitisha maji utadhani ya kunywa. Wajumbe walioneshwa mabwawa ya kusafishia majitaka, wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Mbona mabwawa yenyewe yamekauka?" aliuliza Mama Harufu.

"Yanapumzishwa, mheshimiwa," meneja akajibu.

Mwenyekiti akaangua kicheko. "Hata bwawa linachoka, mheshimiwa! Twendeni, chakula kinapoa."

Getini kila mjumbe alipewa mfuko wa minofu. Wa kwake aliuacha mezani kwa mlinzi.

Baada ya siku chache alirudi bila taarifa, akiwa na Bwana Afya wa halmashauri, mzee aliyekuwa anakaribia kustaafu. Njiani mzee alimwambia, "Nitapima, na nitasema nilichokiona. Lakini wakikugeuka, usinitafute." Walipita nyuma ya kiwanda, wakachota maji pale bomba linapotapika. Mzee aliyapima, na majibu yake hata mtoto angeyaelewa: maji yale yalikuwa sumu.

Baraza lilipokaa, waandishi wa habari wakiwepo, Mama Harufu alisimama na chupa ya maji yale, akaifungua, akamsogezea mwenyekiti wa kamati. "Nusa, mheshimiwa, kisha uwaambie wananchi bwawa limechoka." Mwenyekiti alirudisha kiti nyuma. Mbele ya kamera hakuna aliyethubutu kukitetea kiwanda, kikafungwa mpaka mabwawa yafanye kazi. Jioni ile tulimbeba juujuu mtaa mzima.

Kumbe tulikuwa tumebeba msiba wetu wenyewe. Nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa wanasafisha samaki mle ndani, na wote unga ulimwagika siku moja. Mmoja wao alikuwa mdogo wa damu wa Mama Harufu, mjane, aliyeishi naye pamoja na wanawe. Haikuchukua muda, mabega yaliyombeba yakaanza kumpita bila salamu. Nyumbani ndiko kulikochoma zaidi.

"Dada, harufu ile ndiyo iliyokuwa inalisha wanangu," mdogo wake alimwambia.

"Na vidonda vyao vya miguuni vilitoka wapi, kama si mfereji ule?"

"Vidonda nilikuwa najua kuvitibu. Njaa nitaitibu na nini?"

Mama Harufu alikuwa na saluni isiyo na wateja, na sufuria moja ya kugawia midomo yote ile.

Ndipo mwenyekiti akaja kumtembelea. Alijibwaga kwenye kiti cha kusukia, akajitazama kwenye kioo, akaongea kama mtu wa nyumbani. Mabwawa yalikuwa gharama, alisema, lakini kiwanda kiko tayari kuvuta bomba refu, livuke ghuba, likamwage upande wa pili. Mtaa wake utakuwa safi na kazi zitarudi.

"Upande wa pili kuna watu," alisema Mama Harufu.

"Kuna bahari, mama. Bahari ni kubwa."

"Na watu."

"Diwani wao amekubali. Wewe una uchungu nao kuliko yeye?" Akainuka, akajipangusa suruali. "Mdogo wako atakuwa wa kwanza kuitwa."

Mama Harufu alimfuata Bwana Afya, aliyekuwa ameshahamishiwa kukagua vibanda vya sokoni. Mzee hakumficha. Mkondo wa maji, alimwambia, utakuwa unaurudisha uchafu palepale wanapooga watoto wa ng'ambo. Kwa hiyo alijua. Siku ya kura ya bomba aliunyoosha mkono. Waliokuwepo wanasema haukupita sikio, kama wa mtu anayejikuna, lakini ulihesabiwa.

Kiwanda kikafunguliwa. Mfereji ukakauka, nzi wakahama, na sisi tukarudi kumsalimia kwa bashasha, kila mmoja akidai hakuwahi kumtilia shaka. Mdogo wake aliitwa kazini wa kwanza, kama ilivyoahidiwa. Hakushukuru. "Nishukuru kwa kurudishiwa changu?" alisema, akavaa buti akaenda zake.

Mvua zilipokwisha, walikuja wanawake watatu kutoka ng'ambo. Mmoja alibeba mtoto mwenye upele uliomtapakaa mgongoni.

"Tumeambiwa wewe ukilivalia njuga jambo, huliachi," alisema mkubwa wao.

"Diwani wenu mmemwona?"

"Tumemwona. Amesema habari za bomba lile unazijua wewe."

Angeweza kuwazungusha. Maneno hayakuwahi kumpiga chenga. Lakini alisema, "Nilinyoosha mkono lipite. Na nilijua linakuja kwenu."

Yule mkubwa alimtazama, kisha akamfunika mtoto mgongo. "Basi tumekosea mlango," akasema, wakatoka.

Kikao cha kamati kilichofuata, Mama Harufu alisimama kuomba suala la bomba lirudiwe. Mwenyekiti akauliza nani anamuunga mkono. Diwani wa ng'ambo, naye mjumbe wa kamati, alikuwa ameinamia simu yake, anatabasamu peke yake. "Hoja haina mtu," mwenyekiti alisema. "Tuendelee." Muda si mrefu Mama Harufu akahamishiwa kamati ya michezo. Uchaguzi ulipofika hakugombea, nasi hatukumwomba. Tulikuwa na hewa safi na mishahara, tungemtaka wa nini tena?

Alipoacha udiwani alinunua dawa ya ngozi, akavuka kwenda kumtafuta yule mtoto. Aliulizia nyumba kwa nyumba mpaka akaipata. Mama yake aliipokea ile dawa kwa mikono miwili, akasema ahsante, akasema mtoto amelala. Mtoto alikuwa anacheza uani, sauti yake inasikika. Mama Harufu alisimama kizingitini akiwa na mkoba mkononi, akisubiri. Hakuna aliyemwambia karibu.