Siku Walipotupima Sisi Wapimaji

Siku yangu ya kwanza kazini Kibondo nilivunja bilauri. Nilikuwa nimetoka Korogwe na cheti kipya na majivuno yake. Mkuu wa Maabara, mzee mkimya, alichukua ufagio akafagia mwenyewe. "Bilauri tutapata nyingine," alisema. "Mimi nimeomba niletewe macho."

Kweli kazi yetu ilikuwa ya macho. Tulipima dawa zilizochukuliwa madukani na hospitalini, hadi za Mabamba mpakani. Kidonge kimoja tulikitia katika maji ya uvuguvugu tuone kama kitameng'enyuka kwa wakati. Kingine tulikisaga, tukakiyeyusha, tukadondosha tone kwenye bamba jembamba lililopakwa unga mweupe. Chini ya taa maalumu lilionekana doa. Likififia kuliko doa la dawa halisi iliyowekwa pembeni, dawa hiyo ni pungufu.

Na wapimaji nao hupimwa. Kila mwaka makao makuu yalituletea bahasha yenye lakiri, ndani mna vidonge vyenye namba tu. Wao wanajua kilichomo, sisi hatujui. Maabara zote hupata vidonge vilevile, na kila moja hujibu peke yake. Ukikosea, unasimamishwa kutoa majibu. Hilo ndilo tuliloliogopa, maana tukisimamishwa, sampuli za Mabamba zingepelekwa mbali, na wagonjwa wangemeza dawa kabla jibu halijarudi.

Mwenzangu wa maabara ya Kasulu alikuwa Nestori, mtoto wa wakimbizi wa Burundi aliyepata uraia. Kila asubuhi tulipigiana simu, naye alianza kwa salamu ya Kirundi. "Bwakeye, dada. Kibondo mumeamuka?" Nilimcheka kwa Kiswahili chake, naye alinicheka kwa kuogopa baridi.

Mwaka mmoja doa la kidonge cha bahasha lilitoka hafifu. Nikaingiwa na wasiwasi, nikampigia.

"Doa langu limekolea," alisema. "Lako je?"

"Limefifia."

Tukakata simu. Nilijua mkono wa Nestori ulivyo mtulivu, basi nikaandika kwamba dawa ni nzima. Majibu yaliporudi, Kasulu imefaulu, Kibondo imefeli. Dawa ilikuwa pungufu. Kumbe Nestori naye aliliamini jicho langu kuliko lake, akaandika jibu langu!

Nikasimamishwa. Nestori angeweza kukaa kimya, nani angejua? Lakini alipanda basi hadi Kibondo, siku Mkuu wa Kanda alipokuja kunihoji, akasimama mbele ya meza.

"Mkubwa, lile jibu la Kasulu si langu. Ni la huyu dada. Langu mimi lilikuwa la kukosa."

Mkuu wa Kanda alivua miwani. "Maabara mbili zikiulizana, nabaki na maabara moja. Na hiyo moja siijui." Akazisimamisha zote mbili miezi mitatu. Niliona aibu mbele ya watu wa Mabamba, na katika aibu hiyo nikampenda Nestori kama ndugu wa tumbo moja.

Tangu hapo tukajiwekea mwiko: bahasha ikifika, hakuna kupigiana mpaka majibu yametumwa. Nikijisahau nikapiga, alinikatiza: "Andika kwanza, dada. Ukishaandika, unipigie." Basi siku ya kutuma majibu ikawa sikukuu, tunaongea mpaka salio linaisha.

Nimestaafu, na nimebaki hukuhuku Kibondo. Baridi nimeizoea. Vijana sasa wana mashine zinazopima dawa na kuchora majibu kama milima kwenye kompyuta, nami nazisifu, ingawa sijui kama zinajua kuona haya. Naitamani meza yangu na harufu ya spiriti. Zaidi ya vyote naitamani simu ile ya asubuhi. Nestori tulimzika Kasulu masika yaliyopita.

Juzi nililetewa vidonge vyangu vya presha, nikaona vina madoa. Nikakigeuza kimoja kwenye mwanga wa dirisha, nikachukua daftari, nikaandika nilichokiona kabla sijamuuliza mtu yeyote. Kisha nikashika simu, na kidole kikaenda chenyewe kwenye jina lake.

Nimeshaandika, Nestori.