Hajja Inshirah na Hoteli Isiyotaka Masufuria

Hajja Inshirah wa Tanta hakuwa akienda baharini kupumzika. Alikuwa akihama. Kila Agosti gari la mwanawe Wagdi lilipakiwa mpaka likainama nyuma: masufuria ya kila ukubwa, mtungi wa gesi kwa sababu mitungi ya watu haiamini, mchele, samli, vitunguu, na matikiti maji, utadhani huko Matruh tikiti ni kitu cha kuagiza ng'ambo. Wagdi aliwahi kuuliza kama na choo wakibebe. Alipigwa kofi la mgongo, safari ikaendelea.

Mumewe alifariki zamani. Hajja mwenyewe alifanya kazi posta, dirisha la vifurushi, na huko ndiko alikojifunza kufunga mzigo kwa namna ambayo binadamu wa kawaida hawezi kuufungua. Watoto wake ni wawili: Wagdi yuko Kairo na mkewe Shahinaz, Abir yuko Suez. Mwaka mzima ni simu tu. Mama hujambo, Mama nina haraka, Mama nitakupigia. Lakini wiki moja ya Agosti wote walikuwa wake. Walikaa katika fleti ileile mjini Matruh, kwenye meza ileile, na yeye kichwani pa meza akiwa na upawa mkononi.

"Watoto wa siku hizi wanafuata sufuria," alikuwa akimwambia jirani yake. "Mimi nikiacha kupika, nitabaki kuwaona kwenye picha."

Basi Shahinaz alipokuja na habari ya hoteli, Hajja alishikwa na hofu hasa, si uchoyo kama walivyodhani.

"Mama, iko karibu na Matruh palepale, nusu saa tu," alisema Shahinaz. "Inaitwa Zumaridi. Kila kitu kimo ndani. Unavaa bangili ya plastiki, basi. Chakula asubuhi, mchana, jioni, na katikati pia."

"Nani anapika?"

"Wapishi."

"Kwao wapi?"

"Mimi nitajuaje kwao wapi!"

"Ehe! Unamlisha mwanangu chakula cha mtu usiyemjua kwao."

"Mama, mjini maji yanakatika, lifti imekufa tangu enzi za babu, na ufukweni mwavuli unagusana na mwavuli. Mwaka jana nimelala juani, nikaamka nimekumbatiwa na mtoto wa watu."

"Alikuwa mtoto mzuri," alisema Hajja.

Mjadala ulichukua wiki nzima. Abir ana tabia ya kukubaliana na aliyesema mwisho, kwa hiyo kila mtu alihakikisha yeye ndiye anayempigia simu mwisho. Wagdi alimwogopa mama yake na alimwogopa mkewe, ila mkewe analala naye nyumba moja. Wakakubaliana hivi: wataanzia Zumaridi. Mama asipopapenda, watahamia mjini kwenye fleti yao, bila ubishi. Hoteli ina sharti moja tu, ambalo Shahinaz alilirudia mara mbili akimtazama mkwewe machoni: chakula cha nje ni marufuku. Atakayekutwa nacho anatolewa, yeye na jamaa zake wote.

"Nimesikia," alisema Hajja. "Mimi si kiziwi."

Siku ya safari alitoka bila sufuria hata moja. Wagdi karibu alie kwa furaha. Mama alibeba begi la nguo na kigari cha mtoto alichokiazima kwa jirani, kimefunikwa vizuri, ati cha kuwekea mataulo na dawa zake za miguu.

Kwenye geti la Zumaridi palikuwa na mlinzi mmoja, Abdulmaujud, mtu wa kusini kabisa, masharubu mpaka kwenye mashavu. Aliwateremsha wote garini na kupekua mabegi. Alitoa mfuko wa karanga kwenye begi la Abir, akautia ndani ya pipa mbele ya macho yake. Kisha akafika kwenye kigari. Hajja Inshirah alikuwa ameshika mpini wa kigari, akikisukuma polepole mbele na nyuma, akinong'ona "Lala, roho yangu, lala."

Ndani ya kigari palikuwa na kofia ya sufi. Chini ya kofia, blanketi la waridi. Ndani ya blanketi, jamani, alikuwamo bata mzima aliyejazwa mchele na vitunguu, ameokwa kwa samli. Amefungwa kwa kamba za posta, na pajani kwake kumekaa bakuli la majani ya mzabibu yaliyoviringishiwa wali ndani.

Shahinaz aliona kofia, akaelewa yote mara moja.

"Mashallah!" alisema Abdulmaujud, na sauti yake yote ya ukali ikayeyuka. "Mchanga kabisa?"

"Mchanga, mwanangu."

"Naweza kumwona uso?"

"Usinilaumu," alisema Hajja. "Unajua macho ya watu yalivyo. Huyu hata jina bado. Siku ya saba yake, ya kupewa jina, ni keshokutwa."

"Aaa, nimekoma, nimekoma!" Mlinzi akarudi nyuma, akageuza uso pembeni ili jicho lake lisije likamdhuru mtoto. "Mungu amkinge. Na mama yake ndiye nani?"

Hajja akaangaza huku na huku. Abir alikuwa bado anaomboleza karanga zake.

"Huyu," akasema, akimwonyesha Shahinaz.

Abdulmaujud alimtazama Shahinaz, mwanamke mwenye mabinti wawili warefu kumzidi, ambaye tangu Ramadhani alikuwa akila matango ili aingie kwenye vazi lake jipya la kuogelea.

"Ndiyo," alisema kwa huruma. "Inaonekana kabisa amejifungua juzi."

Shahinaz alitaka kusema neno, Wagdi akamkanyaga mguu. Mlinzi akatia mkono mfukoni, akatoa noti, akaichomeka kwenye blanketi kumtunza mtoto, kama inavyotakiwa mtu akimkuta mtoto kwa mara ya kwanza. Samli ikailoa noti ile papo hapo. Geti likafunguliwa.

Huko chumbani Shahinaz alilia. "Juzi! Amesema juzi!"

"Nyamaza, mama mzazi, maziwa yatakauka," alisema Abir, na wakaanza kucheka mpaka mabinti wakatoka nje kwa aibu.

Jioni ile Hajja aliwaita kibarazani. Alikuwa ametandika khanga yake mpya, amefungua kamba, na bata amekaa katikati, bado anang'aa. Wakaja. Wakatazama. Walikuwa wanatoka kwenye ukumbi wa chakula, ambako Wagdi alirudia kujaza sahani mpaka mpishi akamsalimia kwa jina.

"Mama, wallahi nimeshiba," alisema Wagdi, mkono tumboni.

"Kipaja tu."

"Kesho, Mama."

Abir alimega kipande kidogo kama cha kulishia paka, akakimeza bila kutafuna, akambusu mama yake kichwani. Kisha wakaenda kutazama ngoma za vijana wa burudani. Hajja alibaki na bata. Aliumia, msinidanganye kwamba ni mambo madogo. Alimtia kwenye friji ndogo, miguu ikagoma kuingia, akaikunja kwa nguvu na kufunga mlango kwa kiuno. Imetokea, akajiambia. Hawanihitaji tena.

Asubuhi aliamka kama kawaida yake kabla ya watu wote, akakaa kitandani akisubiri kazi. Kazi haikuja. Alitandika kitanda, akaja kijana akakitandua na kukitandika upya, akamwachia taulo lililokunjwa likawa bata bukini. Hajja aliliona tusi la wazi. Akatoka nje, na kwa kukosa pa kwenda akafuata njia, njia ikamfikisha baharini.

Hakukuwa na mtu. Maji yalikuwa ya rangi ile ya Matruh ambayo wageni hudhani ni uongo wa picha. Aliingiza kidole cha mguu. Kisha mguu. Kisha, na gauni lake refu na kilemba, akaingia mpaka magotini, mpaka kiunoni, na wimbi dogo likamwinua kama mtu anayembeba mtoto. Akapiga ukelele. Akatazama kama kuna aliyemsikia. Akarukaruka. Mwanamke yule mzito, mwenye magoti ya kulalamika, hakuwa na uzito wowote! Alicheka peke yake kama chizi mpaka akameza maji.

Aliporudi akichuruzika, Wagdi alimuuliza kulikoni.

"Nimeteleza," alisema.

Kesho yake aliteleza tena, na safari hii alichelewa sana kurudi. Siku hiyo hakuna aliyemsikia akitaja kuhamia mjini. Hata chai ya hotelini alisema si mbaya, kwa watu wasiojua chai.

Ndipo akamkumbuka bata kwenye friji. Kijana wa usafi akimkuta, wote nje, na bahari yake ya asubuhi basi. Akaona amtoe haraka. Akamvika kofia, akamviringisha blanketi, akamlaza kwenye kigari na kufungua mlango ili akamtoe getini.

Mlangoni alikutana na tarumbeta.

Vijana wote wa burudani walikuwa wamesimama pale na ngoma, mishumaa na kinu cha shaba. Meneja wa hoteli alikuwa mbele amevaa tai. Kando yake Abdulmaujud, masharubu yamepakwa mafuta, ameshika chekecheke kubwa la kumtikisia mtoto, limepambwa riboni.

"Hajja!" alisema mlinzi, macho yamelowa. "Siku ya saba! Ulidhani tungemwacha mtoto apite hivi hivi?"

Kabla hajajibu, kigari kilishaondoka. Kilisukumwa kwa vigelegele mpaka kando ya bwawa la kuogelea, ambako wageni walisimama na simu zao. Shahinaz alitolewa majini na vazi lake jipya, akavikwa taji la maua.

"Mwambieni si mtoto," alimnong'oneza mumewe.

"Mwambie wewe," alisema Wagdi. "Wewe ndiye mama."

Wakamweka bata kwenye chekecheke. Wakamtikisa kidogo kidogo. Shahinaz akaambiwa amruke mara saba, akamruka mara saba, uso wake kama mtu anayepelekwa mahakamani. Kinu kikagongwa karibu na sikio lake, ili akue bila woga. Abdulmaujud akapiga magoti, akasogeza mdomo kwenye kofia, akapiga kelele kama desturi ilivyo:

"Msikilize mama yako! Usimsikilize baba yako! Msikilize na bibi yako!"

Akanusa. Blanketi lilikuwa limelegea kwa kutikiswa, na mguu mmoja ukatokeza, wa kahawia, unameremeta samli.

Mlinzi alimgeukia Hajja.

"Hajja," akasema polepole, "mtoto huyu ameiva."

Meneja aliwapa mpaka mchana wawe wameondoka. Hajja alimrudishia Abdulmaujud noti yake, naye akakataa katakata, ati alichomtunza mtoto hakirudi. Ila akauliza, akitazama chini, kama hao wenye bata wana mpango naye. Alikuwa hajaenda likizo kwao tangu Idi. Hajja alimkabidhi bata pamoja na kofia. Gari lilipokuwa likitoka, walimwona nyuma ya kibanda chake akiguguna paja na macho kayafumba.

"Haya, Mama, umeshinda," alisema Wagdi. "Matruh hiyo. Tutafika, utaweka sufuria, na sote..."

Akasikia kwikwi. Akadhani ni Shahinaz. Alikuwa mama yake.

"Sitaki kushinda! Nani kakwambia nataka kushinda?" Alijifuta pua kwa ncha ya kilemba. "Mimi nakuja Matruh tangu wewe hujaota meno. Unajua bahari yake naijuaje? Kwa dirisha la jikoni! Nyinyi mnarudi na mchanga miguuni mnauliza chakula tayari, nami nawaambia tayari. Jana na leo nimeogelea. Nimeogelea, Wagdi! Sikuteleza!"

Wagdi alipunguza mwendo wa gari.

"Basi kwa nini hukusema, Mama?" aliuliza Abir.

"Nikiacha kupika mtakuja kufanya nini kwangu? Kuniangalia?"

Shahinaz akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma, akaushika wa mkwewe, na hakuuachia mpaka mjini.

Fleti ilikuwa ileile na lifti ilikuwa bado imekufa. Wagdi aliazima sufuria na mchele kwa majirani, akajifunga aproni, akatangaza kwamba leo wali anapika yeye, na mtu yeyote asiguse. Hajja alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono ikimuwasha. Akaona anavyoosha mchele, akafumba macho. Kisha akashuka ngazi, akavuka barabara, akapita kati ya miavuli akiomba radhi kulia na kushoto, akaingia baharini na gauni lake mpaka kifuani.

Baadaye dirisha la jikoni lilifunguka, moshi ukatangulia, kichwa cha Wagdi kikafuata.

"Mama! Chumvi iko wapi?"

Ufukwe mzima ukageuka.

"Huku!" alijibu Hajja, akipiga maji kwa viganja. "Tele! Njoo uchote!"

Dirisha likafungwa. Akatazama pwani, moyo ukimdunda, kwa sababu jikoni hakuwa ameacha chochote cha kuwaitia. Wa kwanza kutokea alikuwa Shahinaz, anakimbia na vazi lake. Kisha Abir, kisha mabinti, na mwisho Wagdi, bado na aproni, akapita katikati ya miavuli bila kuomba radhi, akajitupa majini karibu na mama yake.

"Na wali?" aliuliza Hajja.

"Umeungua, Mama."

"Wote?"

"Na sufuria."

"Sogea huku basi," alisema Hajja, "huko ulipo kuna mawe."