Muuguzi wa Swali Moja

Saa mbili asubuhi kliniki ya tezi inaanza kujaa. Muuguzi tayari yuko chumba cha mwisho cha korido, kisicho na dirisha, mkono wa simu ya mezani sikioni. Anasubiri ipokelewe, kisha anauliza: "Tangu tulipoongea mara ya mwisho, mama, umeanguka?"

Wagonjwa humwita Mama Mifupa. Ni muuguzi anayekaribia kustaafu. Madaktari wa hapa wanatafiti kwa nini baadhi ya wanawake wenye ugonjwa wa tezi ya shingo huvunjika mifupa kwa kujikwaa tu, na yeye ndiye anayewafuatilia waliojitolea.

Sauti yake inakwaruza. Naye alipasuliwa uvimbe wa tezi hiyo hiyo, na mshipa wa fahamu wa sauti ukaguswa. "Wengine wanadhani ni mwanamume anayejifanya muuguzi, wanakata," anasema. "Siwalaumu."

Mumewe alifariki zamani. Binti yao wa pekee ameolewa mbali na hupiga simu sikukuu. Jioni, anasema, koo lake hupumzika, kwani hana wa kuongea naye.

Mshiriki mmoja tu hakuwa na haraka ya kukata. Ni fundi cherehani, mjane, aliyemsimulia vichekesho vya wateja wanaodai nguo za harusi zimesinyaa kabatini. Taratibu zinataka maongezi mafupi. Yao hayakuwa mafupi.

Siku moja fundi hakupokea. Kwa taratibu, alipaswa kupigiwa tena wiki inayofuata. Mama Mifupa alipiga mchana ule ule, akarudia, kisha akavua koti lake jeupe akaenda nyumbani kwa fundi.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alimsihi jirani auvunje. Walimkuta fundi sakafuni kando ya cherehani, nyonga imevunjika, midomo imekauka. Alikuwa hapo tangu jana yake.

"Alinishika mkono," anakumbuka muuguzi. "Akasema, 'Nilikuwa naisikia simu, mdogo wangu. Ilikuwa mezani, siifikii.'"

Fundi alipasuliwa, akapona. Daktari mkuu alimwita Mama Mifupa, akamkumbusha taratibu, halafu akazibadilisha: sasa asiyepokea hutafutwa siku hiyo hiyo.

Lakini mtoto wa fundi alikuja kumchukua mama yake, akaenda kuishi naye mji mwingine. Siku hizi anayepokea simu ni huyo mtoto. Hujibu kwa adabu kwamba mama ni mzima, hajaanguka, asante. Mama Mifupa hushukuru na kupiga namba inayofuata. Bado hajathubutu kuomba apewe fundi mwenyewe aongee naye.

Mwezi ujao ana likizo, na amepanga kwenda kumtembelea fundi. Safari ni ya kutwa nzima kwa basi.

"Sitamuuliza habari za mifupa," anasema. "Nitakaa tu anaposhona. Wakiniambia nilale, nitalala. Tangu mume wangu afariki, sijasikia mtu akikohoa chumba cha pili."