Siagi ya Masisi

Katika miaka ya hamsini niliuza siagi sokoni Goma. Mama mukwe wangu ndiye aliyeitengeneza kwetu Masisi, akiyasukasuka maziwa kibuyuni mpaka mikono ikafa ganzi. Kila juma nilipokea vifurushi vilivyofungwa kwa majani ya mgomba. Wanunuzi hawakuulizia siagi tu. Waliuliza, "Mama, ile ya Masisi imefika?"

Asubuhi moja polisi alisimama mbele ya meza yangu pamoja na karani wa biro ya serikali, mutu mweusi kama mimi. Karani akanisomea karatasi: tangu siku ile nilikatazwa kutaja Masisi ninapouza. Muzungu mmoja mwenye kiwanda cha maziwa alikuwa ameandikisha jina hilo kuwa marke yake, alama ya biashara ambayo mwingine haruhusiwi kuitumia. Polisi akabeba kapu langu zima.

Niliwafuata kwa miguu mpaka biro, nikiwa na hasira. Wakanikalisha nje mpaka saa sita. Nilipoingia, karani alikuwa anakula mkate, na kando yake kifurushi changu kimefunguliwa. Alikuwa anapaka siagi yangu kwa kisu, taratibu.

"Kiwanda cha huyo muzungu kiko wapi?" nikamuuliza.

"Njia ya Rutshuru."

"Na ng'ombe wake?"

"Kule kule."

"Amekwisha kununua hata chupa moja ya maziwa Masisi?"

"Mama, hiyo si kazi yangu. Makopo yake ya siagi yanapanda meli kwenda Bukavu, mengine yanafika Ulaya. Kule majina ya chakula yana sheria. Jibini ikiwa na jina la mji fulani, watu wa mji mwingine hawana ruhusa ya kulitumia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni jina la kwao."

Mkate aliokuwa akiuinua akaurudisha mezani.

"Basi sheria hiyo ni ya mama mukwe wangu," nikasema.

"Hana karatasi."

"Na hii unayokula ni siagi ya wapi?"

Alikunja majani, akanisukumia kifurushi kile kilicholiwa nusu. Nilikiacha pale pale mezani. Kapu sikurudishiwa.

Nilipopanda kwenda Masisi nilinunua kopo moja la yule muzungu, nikampelekea mama mukwe. Nilidhani atakasirika pamoja nami. Yeye alifikiri nimefanya kosa mjini.

"Umemutukana nani?" aliniuliza.

Ikabidi nimweleze sheria ile kwa kinywa changu mwenyewe, na hilo liliniuma kuliko kapu. Akachovya kidole ndani ya kopo, akaonja, akatema.

"Wameandika nini hapa?"

Nikamsomea: "Masisi." Akaniomba nisome tena.

Niliendelea kuuza. Wanunuzi wakiuliza, niliwaambia, "Ni ile ile," nao walielewa. Makopo yaliendelea kuuzwa madukani mpaka muzungu yule aliporudi kwao. Hasira yangu haikuondoka naye. Leo ninapoandika haya bado iko.