Darmi wa Kijiti cha Mto

Alizaliwa Darmi kando ya mto Tana, mwendo wa siku moja chini ya Garsen, mwaka ambao wazee wanaukadiria kuwa 1865. Baba yake alikuwa mkulima wa mpunga, na kabla hajamfundisha mwanawe jambo lolote jingine alimfundisha kijiti. Siku hizo, enzi njema ambazo mto ulijulikana na watu wake, mwenye shamba alichomeka kijiti chenye alama ukingoni jua likizama, akakisoma alfajiri, basi. Maji yakipita alama kwa upana wa kiganja, vuna mpunga wako upesi, gharika yaja. "Lakini usikichungulie mchana kutwa, mwanangu," alimwonya. "Mtumbwi ukipita, kiboko akijigeuza, utaona maji yamepanda, nayo hayakupanda."

Alibatizwa mwaka 1889 katika kanisa la makuti, akaolewa na Komora, mtu mpole mwenye kucheka kwa sauti. Darmi alikuwa na mdomo mwepesi wa utani, na mkono wa kupanda ambao majirani waliuonea wivu. Mwaka 1898 akaona uvimbe kwenye titi la kushoto. Daktari wa misheni aliyekuwa akipita na mtumbwi alimpa dawa ya usingizi, akalikata titi lote. Kidonda kilifunga. Kanisa liliimba, kuku wakachinjwa, watu wakasema, haya, yamekwisha.

Hayakwisha. Mwezi wa tatu baada ya kukatwa, maumivu yalianza kwapani, yakashuka mbavuni, yakahamia mkononi. Daktari aliporudi alimpima kwa muda mrefu, akanawa mikono, akasema, "Mama, kidonda kimepona. Maumivu haya siyajui chanzo chake." Akaenda zake, naye Darmi akabaki na neno hilo moja: siyajui. Alilala nalo, akaamka nalo. Akitwanga, mkono ulikwenda kwapani kupapasa. Akisali, mkono kwapani. Kila kichomo kwake kilikuwa ule ugonjwa unarudi kumchukua. Jilo, mwalimu wa kanisa, alimwambia hadharani kwamba aliyeponywa na Mungu halalamiki, basi atubu dhambi aliyoificha. Ama kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake! Darmi alitafuta dhambi hiyo usiku na mchana, asiione.

Ndipo hofu ya mwili ikahamia shambani. Mwaka 1900, mpunga ukiwa bado kijani, alianza kukichungulia kijiti kama alivyojichungulia mwenyewe, mara kumi kwa siku. Adhuhuri moja akakuta maji yamepita alama. Alipiga yowe, akachukua kisu, akafyeka shamba lote la mpunga usiokomaa. Kesho yake mto ulikuwa chini kuliko jana. Kiboko alikuwa amepita, basi. Mwaka ule walikula ndizi mbichi na majani, na Komora, aliyekuwa hana desturi ya kukaripia, alisema neno lililomchoma: "Mto haukuugusa mpunga wetu, mke wangu. Hofu yako ndiyo iliyoula."

Darmi alikwenda kuketi kando ya kile kijiti, akalia mpaka akachoka. Kisha akaomba, na maneno yake tunayo kwa sababu aliyarudia maisha yake yote: "Bwana, mimi sijui. Wewe wajua. Nipe siku moja ya kutazama, na siku sita za kuishi." Toka hapo alijipapasa Jumapili alfajiri tu, kabla ya ibada. Akigusa uvimbe, au kichomo kipya kikimaliza Jumapili tatu, aliapa atasema na kumtafuta daktari. Siku nyingine mkono ulikuwa wa jembe.

Maumivu hayakuondoka. Wanaosema yaliondoka hawakumjua. Kulikuwa na Jumatano za kulala mkekani akiuma kanga, wala hakumficha mtu. Ndiyo maana wagonjwa walimjia. Dahabo, mwanamke wa wafugaji wa Orma aliyeuza maziwa kijijini, naye Mwislamu, alikuja na maumivu yake ya tumbo yasiyojulikana. Aliketi, akauliza, "Wewe huogopi?"

"Naogopa sana, dada yangu," akajibu Darmi. "Ila naogopa Jumapili."

Dahabo alicheka mpaka akashika ubavu. Walikuwa marafiki tangu siku hiyo.

Mwaka 1905 alfajiri moja Darmi alikisoma kijiti mara moja, akagonga milango: "Vuneni! Maji yamepita kwa kiganja kizima!" Watu walikumbuka mpunga wa kijani, wakaguna. Komora peke yake alichukua kisu, akatangulia. Mpunga ulikuwa umeiva. Waliovuna nyuma yake walikula mwaka mzima, na gharika ikameza mashamba yaliyobaki. Wengine huuita muujiza. Jilo alimjia siku ile, akamwomba msamaha mbele ya kanisa, akapewa, pamoja na kikapu cha mpunga.

Alifariki mwaka 1907 kwa homa ya siku nne. Wanawake walimwosha, Dahabo akiwachotea maji. Walipapasa kovu, kwapani, mbavuni. Hapakuwa na uvimbe. Miaka tisa, hapakuwa na kitu!

"Laiti angejua," Dahabo alilia.

Komora alionyesha shambani, ambako miche ilikuwa imesimama kwa mistari, haijatimiza hata mwezi. "Hakujua," alisema. "Na alipanda."

Mpunga ule ulivunwa bila yeye, ukaliwa na kijiji kizima. Basi wewe uliyepona ukabaki na maumivu yasiyo na jina, mkumbuke Darmi wetu. Tazama siku yako ya kutazama, na ukiona jambo, sema. Jumatatu kuna palizi.