Taa za Kidato cha Mama Mkwe

Kwetu Ukambani mwanamume hamshiki mama mkwe wake mkono, wala hawasemezani ana kwa ana. Ni adabu, tunaiita nthoni, nami naiheshimu hata inaponifanya kichekesho.

Mama mkwe wangu anaishi Mbumbuni na anatibiwa macho mjini Wote. Mke wangu ni mwalimu, hawezi kuacha darasa kila mara, kwa hiyo siku za kliniki mimi ndiye ninayempeleka, alfajiri, kabla foleni haijarefuka. Gari langu liko juu, hupandwa kwa kidato cha chuma. Siku moja alikikosa gizani, akaanguka mbele yangu, nami nikabaki nimenyoosha mikono hewani kama mtu anayefukuza kuku, mpaka jirani akaja kumwinua. Akakataa kliniki mbili mfululizo. Niliogopa, maana macho hayangoji mtu.

Nikafunga utepe wa taa za LED kuanzia kwenye kidato hadi sakafuni kwenye kiti cha nyuma, waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Akauona mwanga, akapanda. Tulipofika Wote taa zilikuwa zimekufa. Nikaweka nyingine, zikafa. Za tatu nazo zikazifuata zilizotangulia. Nikamlaumu muuzaji kimoyomoyo, nikabadilisha fyuzi, nikapima kwa mita pale uani: volti kumi na mbili, kama utepe ulivyoandikwa. Kila nilipopima, injini ilikuwa imezimwa. Nani huku kwetu atachoma petroli bure gari likiwa limesimama?

Safari ya nne, nikamsikia kule nyuma akinong'ona kwenye simu. Punde yangu ikalia. Nikaegesha kando, nikapokea. Alikuwa mke wangu, anacheka.

"Mama anasema hizo taa zako, ukishawasha injini zinang'aa sana, halafu zinaungua moja moja. Ameona kila safari. Alikuwa anaona haya kukuambia."

Macho tuliyokuwa tukiyapeleka kutibiwa ndiyo yaliyoona. Tulipofika Wote nikapima injini ikinguruma: kumi na nne na ushei. Taa zangu zilikuwa zikilishwa kupita kiasi. Nikanunua kifaa kidogo cha kushusha volti, nikakiunganisha mwenyewe, nikiimba pambio.

Kliniki iliyofuata niliacha injini ikiwaka, taa ziking'aa sawasawa, nikamfungulia mlango wa nyuma, nikaenda kusimama mbele ya boneti nikitazama barabara. Nilisikia fimbo yake ikigonga chuma, kisha kimya. Sikugeuka. Baadaye gari likainama kidogo, mlango ukafungwa.

"Nimeingia," akasema.

Miaka yote ya ndoa yangu, maneno yake yamenifikia kupitia kwa binti yake. Asubuhi ile tulikuwa wawili tu pale, na simu yake ilikuwa mkobani.