Kenge wa Uani Kwetu

Kazi ya mume wangu ilikuwa kuwamba ngoma. Ua wa nyumba yetu ya Kariakoo ulijaa mizinga ya miti na ngozi za mbuzi zilizoanikwa juani, na harufu yake niliizoea kabla sijamzoea mama yake.

Mama mkwe hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa maneno machache, nami nilitoka Mafia, katika nyumba yenye madada wengi na kelele kutwa. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, bibi harusi." Baada ya hapo tulishinda tukipika na kufua pamoja kama watu wasiofahamiana. Nikiingia chumbani nililia, kisha nikanawa uso na kutoka tena.

Masika yalipozidi na maji yakajaa Jangwani, mkata majani mmoja alimletea mume wangu kenge mzima ndani ya gunia. Ngozi ya kenge ni nyembamba, hutoa sauti kali kwenye vigoma vidogo, na watu fulani walikuwa wameagiza kigoma cha namna hiyo kwa ajili ya harusi. Lakini huyu alikuwa amekonda, na mguu wake wa nyuma ulikuwa na kidonda cha mtego.

"Ngozi hii itachanika," mume wangu alisema. "Mlishe kwanza anone. Akipona nitamuua."

Alimjengea kizimba cha fito na mabati ya madebe, akaniachia mimi. Nilimwogopa sana. Nikikaribia alivimbisha shingo, akapuliza kwa ghadhabu na kuchapa mkia hadi mabati yakalia. Nilitupa utumbo wa kuku, nikakimbia. Kesho yake niliukuta umejaa nzi, hakuugusa. Ikawa hivyo siku baada ya siku, mpaka nikamwendea mama mkwe.

"Mama, yule mnyama hali."

Alichukua kigoda chake, akakaa mbele ya kizimba, akatazama kwa muda mrefu.

"Ana baridi," alisema. "Kwetu Ruvu kenge huota jua kwanza. Mwili usipopata moto, hawezi kula. Nishikie upande huo."

Tukakisogeza kizimba wote wawili, tukisukuma na kupumzika, mpaka jua la asubuhi likakiingia. Kabla ya adhuhuri kenge alikuwa amemeza kichwa cha samaki, mifupa na yote. Mama mkwe alinitazama akacheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba ana mwanya.

Tangu siku hiyo tulimtunza pamoja. Yeye alimfunika kichwa kwa gunia lililoloweshwa, kwa sababu kenge asipoona hutulia, nami nikamwosha kidonda kwa maji ya chumvi na kukipaka manjano. Manjano hayo tulipewa na jirani yetu wa Kihindi, mke wa mwenye duka la vitambaa. Nyumbani kwao hawakula nyama wala samaki, na hakupenda kutazama kenge akilishwa, lakini aliposikia kwamba ni mgonjwa alituletea pia karai kubwa kuukuu la kuogea. Kenge alilipenda. Alizama humo akabakiza pua tu, na ngozi yake kavu ikambanduka vipande vipande. Maji tuliyabadilisha kila siku, maana bwana afya alipita nyumba hadi nyumba akitafuta viluwiluwi vya mbu.

Katika kazi hiyo mama mkwe alianza kuzungumza. Alinieleza habari za Ruvu, za marehemu mumewe, za mwaka aliofika mjini naye akiwa mgeni, asiyejua hata njia ya kisimani. Nami nikamsimulia madada zangu, mmoja mmoja, mpaka akawajua kwa tabia zao.

Kenge akanona. Kidonda kikafunga. Mume wangu alikuja kumtazama mara kwa mara, akaridhika. Asubuhi moja alianza kunoa kisu. Moyo wangu ulikuwa mzito, lakini sikuthubutu kusema, maana hiyo ndiyo kazi iliyotulisha.

Siku hiyo kenge alikuwa akichimba. Alichimba pembe hii, akahamia ile, akaviacha vichwa vya samaki bila kuvigusa. Nilidhani anataka kutoroka. Mama mkwe alikaa tena kwenye kigoda chake, akamtazama, akamwita mwanawe.

"Weka hicho kisu. Huyu ana mayai."

"Mama, watu wa harusi wananingoja."

"Watangoja. Mwenye mimba hauawi katika ua wangu."

Hakupandisha sauti. Mume wangu alisimama kidogo, akanitazama mimi, na nadhani aliuona uso wangu. Akakirudisha kisu kwenye ala yake. Kisha akachukua jembe, akaleta udongo laini kutoka nyuma ya choo, akaumwaga kizimbani. Kenge akachimba humo mpaka akazama nusu mwili, akataga.

Alitoka amelegea, mbavu zinahesabika. Tulimlisha mayai ya kuku yaliyovunjwa, kisha dagaa, kisha vichwa vya samaki kama zamani. Mume wangu hakukitaja tena kisu; mwenyewe alikwenda kwa wenye harusi, akawaambia kigoma chao kitakuwa cha ngozi ya mbuzi. Walinung'unika, wakakubali. Alimchagua mbuzi mchanga, akaikwangua ngozi hadi ikawa nyembamba sana, na usiku wa harusi sikusikia mtu akilalamika.

Kenge alipopata nguvu tulikwenda naye Jangwani sote watatu, yeye ndani ya tenga na mayai kwenye debe la udongo. Tuliyafukia katika kichuguu kilichokuwa mahali pa juu. Kama yalianguliwa, sijui. Tulipofungua tenga, kenge alitoa ulimi mara kadhaa, akaingia kwenye matete, basi.

Wakati wa kurudi mama mkwe aliteleza kwenye tope, nikamshika mkono. Hakuuachia mpaka tulipofika barazani.

"Teleka maji ya chai, mwanangu," alisema.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na wanangu wote walizaliwa mikononi mwake. Watu walipomsifu mume wangu kwa ngoma zake, mimi nilimshukuru kwa ile ambayo hakuiwamba. Na Mungu nilimshukuru, na bado namshukuru, kwa kunipa mama wa pili katika mji nisioujua.